Anthropolojia ya China Ikitazamwa Kutoka Kasongo na Kabambare

Kwa karibu karne nzima wanaanthropolojia wa China waliwachunguza zaidi Wachina wenzao. Sasa wanatoka nje. Tangu mwanzo wa karne hii Chuo Kikuu cha Peking kimekuwa kikiwatuma wanafunzi wa uzamivu wakae katika nchi za watu, wajifunze lugha za huko na waandike juu ya jamii ambazo si zao. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang kilifungua Taasisi ya Masomo ya Afrika mjini Jinhua. Mjadala juu ya mwelekeo huu unafanyika zaidi Beijing, kwa Kichina, na maswali yake ni ya wenye fani: nadharia ipi ifuatwe, ya Ulaya ipewe nafasi gani, China ina lipi la kuongeza. Mimi nataka kuuingia kwa mlango wa wale watakaoandikwa. Nimechagua kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo, katika teritware za Kasongo na Kabambare, kwa sababu watu wa huko wameandikwa na wageni kwa zaidi ya miaka 150, na mtaji wa China umekwisha kufika kwao kupitia dhahabu ya Namoya.

Nianze na China yenyewe. Mtu wa kumtazama kwanza ni Fei Xiaotong. Alizaliwa mwaka 1910 katika mkoa wa Jiangsu, akasoma Chuo Kikuu cha Yenching kwa Wu Wenzao, mwalimu aliyetaka elimu ya jamii ipandwe katika udongo wa China badala ya kuazimwa nzima nzima. Mwaka 1935 Fei na mkewe Wang Tonghui walikwenda kuwachunguza Wayao katika milima ya Guangxi. Fei alinaswa na mtego wa chui milia akaumia vibaya, na mkewe alipokwenda kutafuta msaada alipotea njia akafa. Kijana huyo akarudi kwao kujiuguza. Dada yake alikuwa akiwasaidia wanakijiji wa Kaixiangong kuendesha kiwanda chao cha hariri, naye Fei akakaa nao majira ya joto ya mwaka 1936, akiuliza juu ya mashamba, madeni, urithi na bei ya nyuzi. Kutokana na kazi hiyo aliandika tasnifu London chini ya Bronisław Malinowski, iliyochapishwa mwaka 1939 kwa jina la Peasant Life in China. Katika utangulizi wake Malinowski aliisifu kwa sababu mwenyeji alikuwa amewaandika watu wake mwenyewe, jambo lililokuwa nadra katika fani iliyozoea Mzungu kuvuka bahari.

Lakini kwangu uzito wa Kaixiangong uko katika yale yaliyofuata. Fei alikirudia kijiji hicho zaidi ya mara 20 katika maisha yake. Mwanaanthropolojia William Geddes alikwenda kukichunguza upya mwaka 1956, na watafiti wengine wakafuata. Kwa hiyo kuna kijiji kimoja ambacho mabadiliko yake yanaweza kufuatiliwa tangu kabla ya vita hadi baada ya mageuzi ya uchumi, na wenyeji wake wanamjua aliyewaandika, wamemwona akizeeka, wamemweleza alipokosea. Mwaka 1982 Edmund Leach wa Cambridge alionyesha shaka juu ya wasomi wanaochunguza jamii zao wenyewe, akidhani ukaribu huwatia upofu. Fei alimjibu baadaye kwamba yeye hakuwa na anasa ya kuchagua mahali pa kuchunguza kwa udadisi tu, kwani nchi yake ilikuwa na njaa na vita na alitaka elimu yake ifae kitu. Naliona jibu hilo kuwa sahihi, na ndilo ningependa kulisikia kutoka kwa msomi wa Kasongo.

Upande wa pili wa historia hiyo ni mgumu zaidi. Mwaka 1952 sosholojia ilifutwa katika vyuo vya China, na anthropolojia ya jamii ikafa pamoja nayo. Waliobaki wakaelekezwa kwenye kazi moja kubwa ya dola, yaani kuyatambua makabila. Katika sensa ya mwaka 1953 watu waliachiwa wajitaje wenyewe, na majina zaidi ya 400 yakaandikishwa, zaidi ya 260 kati ya hayo katika mkoa wa Yunnan peke yake. Serikali isingeweza kugawa viti vya bunge kwa majina 400. Mwaka 1954 timu za watafiti, akiwemo Lin Yaohua aliyewahi kuandika juu ya koo za kwao Fujian, zilitumwa Yunnan kuyapunguza. Orodha ilifungwa mwaka 1979, ikiwa na mataifa 55 madogo pamoja na Wahan. Leo jina la taifa la mtu liko katika kitambulisho chake. Mwaka 1957 Fei mwenyewe alitangazwa kuwa mtu wa mrengo wa kulia, akanyamazishwa kwa zaidi ya miaka 20, na fani iliporudishwa kuanzia mwaka 1979 yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuijenga upya.

Msomaji wa Kasongo hahitaji kuelezwa maana ya orodha ya aina hiyo. Kwa dekrii ya tarehe 2 Mei 1910 serikali ya Ubelgiji ilitaka kila Mkongo awe chini ya chifu anayetambuliwa, na kwa ile ya tarehe 5 Desemba 1933 ikazipanga jamii zote katika shefri na sekta. Ili kufanya hivyo maofisa wa teritware walizunguka vijijini kuuliza nani ni ukoo wa nani, nani alimtangulia nani mtoni, nani alimlipa nani kodi. Majibu yakawa mipaka. Mabwana hao waliondoka mwaka 1960, lakini sekta na shefri zimebaki katika utawala wa Kongo hadi leo, na mzozo wa ardhi au wa kiti cha uchifu unapozuka, mara nyingi karatasi inayotolewa sandukuni ni ile ile ya mkoloni. Kazi ya Yunnan na kazi ya Maniema zinafanana kwa hili: elimu ya watu iligeuzwa kuwa rejista ya dola. Zinatofautiana kwa jambo ambalo nalihesabu kuwa kubwa. Waliofanya kazi ya Yunnan walikuwa raia wa nchi ile ile, na baadhi yao waliishi na matokeo yake kiasi cha kuanza kuyafikiri upya. Mwaka 1988 Fei alitoa nadharia ya kuiona China kama wingi ulioshonwa kuwa mmoja kwa karne nyingi za kuoana, kuhama na kufanya biashara. Unaweza kuikosoa, kwani inaiweka dola katikati mno. Hata hivyo aliitoa hadharani, akabishana na wenzake kwa lugha yao. Kusini mwa Maniema waliochora mipaka hawakurudi kujibu.

Kasongo, zaidi ya mji wowote ninaoufahamu katika bonde la Lualaba, ilikataa kuingia katika visanduku hivyo. Mji ulikuzwa na misafara. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kama Tippu Tip, aliufanya kituo chake kikuu, na magofu ya enzi hiyo yako Tongoni. Walikusanyika pale Wangwana kutoka pwani, Wanyamwezi, Wakusu, Wasonge, Wazimba, Wagenya wa mtoni na watu waliotekwa kutoka kila upande. Walilima mpunga, walivaa kanzu, walisali, na wakakuza Kiswahili ambacho leo tunakiita Kingwana. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis yalipouteka mji huo Aprili 1893, dola mpya ilirithi watu ambao hawakuwa na kabila kwa maana aliyoitaka ofisa. Ikawatungia jina, arabisés, yaani walioarabishwa, na kuwaweka chini ya machifu wao wa pekee. Mtu ambaye babu yake ni Mkusu, bibi yake ni mateka kutoka Urega, na yeye mwenyewe ni Mwislamu wa Kasongo, aliwekwa katika fungu hilo kama vile ukoo wake ulikuwa umefutika. Msomi Thomas Turner ameonyesha mfano ulio jirani: Watetela wa Sankuru na Wakusu wa Maniema ni watu wenye asili moja, na utengano wao ulikuzwa na historia ya misafara kisha na mipaka ya mikoa ya kikoloni. Kazi ya namna hiyo, inayorudi nyuma kuuliza jina lilitoka wapi, ndiyo anthropolojia ninayoiona ina faida.

Tukihesabu yaliyokwisha kuandikwa juu ya eneo hili, tunakuta hazina kubwa iliyotawanyika vibaya. Wa mwanzo kabisa kati ya wageni waandishi ni David Livingstone. Alifika Kabambare, aliyoiita Bambarre, Septemba 1869, akakwama huko miezi mingi kwa vidonda vya miguu. Mwaka 1871 alikwenda Nyangwe, akavutiwa na soko la wanawake kando ya Lualaba, na tarehe 15 Julai akashuhudia watu wa soko hilo wakiuawa kwa bunduki. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya gazeti la zamani kwa wino wa matunda ya porini, na maandishi hayo yalififia hata yakawa hayasomeki. Mwaka 2011 wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki waliyasoma tena kwa picha za mianga ya aina mbalimbali. Ndipo ilipoonekana jinsi toleo la mwaka 1874, lililohaririwa na Horace Waller, lilivyotofautiana na alichoandika Livingstone siku zile. Karibu miaka 140 ilipita watu wakisoma habari za Nyangwe zilizopita kwanza mikononi mwa mhariri wa Uingereza.

Wa pili ni Tippu Tip mwenyewe, aliyeeleza maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa Berlin kwa juhudi za Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kitabu cha mshindi na mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na lazima kisomwe hivyo. Lakini anavyosimulia namna alivyojipatia utawala wa Utetera kwa kudai undugu na chifu Kasongo Rushie ni somo zima la siasa ya ukoo, na linasomeka bila mkalimani. Baada yake zilikuja fomu. Cyrille Van Overbergh wa Brussels alituma orodha ndefu ya maswali kwa maofisa na wamisionari, akapanga majibu yao katika mfululizo wa vitabu: Wasonge mwaka 1908, na mwaka 1909 Warega wa kamanda Delhaise. Ndani yake jamii zote zinajibu maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, kana kwamba Mrega na Msonge walikuwa na wasiwasi mmoja.

Kizazi kilichofuata kilikaa zaidi na watu. Daniel Biebuyck, aliyeajiriwa na taasisi ya utafiti ya IRSAC, aliishi na Warega katika miaka ya 1950, akauandika mfumo wa Bwami, wenye ngazi zake, methali zake na vinyago vyake, wakati serikali ya kikoloni ilikuwa imeupiga marufuku. Kitabu chake Lega Culture cha mwaka 1973 bado kinategemewa. Kabambare haikupata bahati hiyo. Wabangubangu walipata mwanaisimu, A. E. Meeussen, aliyetoa muhtasari wa sarufi yao mwaka 1954, kwa Kiholanzi. Wabuyu walipata wanunuzi wa sanamu. Sanamu zao za mababu ziko leo katika makumbusho na mikusanyo ya Ulaya na Marekani, na Biebuyck alizitolea kitabu mwaka 1981. Uislamu wa Maniema ulichunguzwa na Armand Abel katika kitabu cha mwaka 1960, kwa Kifaransa, kikiwa na hofu ya utawala uliokaribia kuondoka. Benoît Verhaegen alitenga juzuu zima la mwaka 1969 kwa uasi wa mwaka 1964 katika Maniema, akitumia mbinu aliyoiita historia ya papo hapo, ambayo iliwataka waliotenda washiriki kuyachambua matendo yao. Ukilinganisha na Fei, Verhaegen ndiye aliyekaribia zaidi wazo kwamba anayeandikwa ana haki ya kujibu.

Hata Waasia si wageni katika Maniema. Kabla ya Wachina walikuja Wajapani. Yuji Ankei na Takako Ankei walikaa na Wasongola wa kaskazini mwa Kindu kuanzia miaka ya 1970, katika desturi ya Chuo Kikuu cha Kyoto ya kuchunguza misitu na riziki. Takako alichapisha mwaka 1990 kitabu kizima juu ya mapishi ya Wasongola: mihogo inavyoloweshwa, samaki wanavyokaushwa, majani gani na mboga gani. Wajapani hao hawakuja na mgodi wala reli. Kwa hiyo walikuwa huru kuuliza juu ya chungu na samaki, na kazi yao imedumu kwa sababu hiyo.

Mtafiti wa China hatakuwa na uhuru huo, na hili ndilo jambo ambalo fani yake inapaswa kulitazama usoni. Namoya, katika teritware ya Kabambare karibu na Salamabila, kampuni ya Banro kutoka Canada ilianza uzalishaji wa kibiashara wa dhahabu Januari 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Kampuni ya Baiyin ya China ilikuwa miongoni mwa wenye hisa wakubwa wa Banro. Wachimbaji wadogo walikuwa wamechimba vilima vya Namoya kabla ya mgodi huo wa kisasa, na madai yao ya ardhi ni sehemu ya ugomvi uliozaa silaha. Mwanafunzi wa Peking atakayeshuka Salamabila na daftari ataulizwa kwanza kama ametumwa na mgodi. Ching Kwan Lee, mwanasosholojia aliyezaliwa Hong Kong, alikutana na swali la aina hiyo katika migodi ya shaba ya Zambia, na kitabu chake cha mwaka 2017 kilifaulu kwa sababu aliutazama mtaji wa dola ya China kama mtaji miongoni mwa mitaji, bila kuusafisha wala kuulaani kabla ya kuuona. Nadhani anthropolojia ya China itapimwa hapo: kama inaweza kuandika juu ya Wachina walioko nje kwa ukali ule ule inaotumia kuandika juu ya wenyeji.

Kuna jambo moja linalonipa matumaini, nalo ni lugha. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961, na vyuo vya Beijing vimefundisha lugha hii kwa miongo kadhaa. Hakuna fani ya Ulaya iliyoingia Kongo ikiwa na maandalizi ya namna hiyo. Maofisa wa enzi ya Delhaise walijifunza maneno ya amri na kodi. Ni kweli kwamba Kiswahili cha Beijing ni cha Dar es Salaam, na atakayekwenda nacho Kasongo atapata miezi kadhaa ya kujifunza Kingwana upya, tena Kabambare atahitaji Kibangubangu kwa mambo ya ukoo na mazishi. Hilo ni gharama ya kawaida ya kazi. La muhimu ni kwamba matokeo yanaweza kuandikwa kwa lugha inayosomwa kuanzia Kindu hadi Zanzibar. Hadi sasa karibu maktaba nzima niliyoitaja iko katika Kifaransa, Kiingereza na Kiholanzi.

Lakini lugha ya kuandikia haitoshi ikiwa jina la mwenyeji halimo. Mwaka 2020 watafiti wa Bukavu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walitoa mfululizo wa maandishi uitwao Bukavu Series, wakieleza namna utafiti unavyofanywa mashariki mwa Kongo: mtafiti mwenyeji ndiye anayefika penye hatari, ndiye anayezungumza na wenye silaha, ndiye anayetafsiri na kufasiri, kisha jina lake linaishia katika shukrani au halionekani kabisa. Hawakuyaandika hayo kwa kinyongo, waliyaandika kama wataalamu wanaojua thamani ya kazi yao. Chuo cha Peking au cha Zhejiang kikitaka kuanza upya katika Afrika, kianze kwa kuyasoma maandishi hayo, kisha kitie saini na Chuo Kikuu cha Kindu mkataba unaosema wazi kwamba msomi wa Maniema ni mwandishi mwenza tangu swali linapotungwa, na kwamba nakala ya madaftari, rekodi na picha inabaki Maniema. Kama kuna haja ya mfano wa Kichina wa kuhalalisha hayo, Fei aliutoa mwaka 1997 alipowataka Wachina waujue utamaduni wao kutoka ndani kabla ya kukutana na wa wengine. Wazo hilo haliwezi kuwa haki ya Wachina peke yao.

Na wachunguze nini? Nina pendekezo, na linatoka Kasongo kwenyewe. Kuanzia mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, kwa fikra za madaktari kama Pierre Mercenier na Harrie Van Balen, iliendesha huko mpango wa huduma za afya ya msingi uliokuja kujulikana duniani kama Mradi wa Kasongo. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo yao juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 hadi 35: waliochanjwa walikufa kwa uchache zaidi, lakini timu ikauliza kama faida hiyo haipungui baadaye, mtoto aliyeokolewa na surua akichukuliwa na ugonjwa mwingine. Peter Aaby, mwanaanthropolojia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Guinea-Bissau, aliipinga tafsiri hiyo, na ubishi huo ulichangia namna dunia inavyofikiri juu ya chanjo. Ulihusu watoto wa Kasongo, lakini wazazi wao hawakuwamo katika meza ya mazungumzo.

Watoto hao sasa wana umri wa miaka 50 hivi. Wamepita kuanguka kwa Mobutu mwaka 1997, vita vilivyoanza mwaka 1998, barabara kufa na kufufuka, watoto wao kwenda kuchimba Namoya na Salamabila. Wengi wao wameoa na kuolewa ng'ambo ya mipaka ya sekta zilizochorwa mwaka 1933. Utafiti wa kuwarudia, nyumba kwa nyumba, ukifanywa na wasomi wa Kindu na wa Beijing kwa Kiswahili, ungeipa Kasongo kile ambacho Kaixiangong inacho. Ungejibu pia swali la mwaka 1981 ambalo madaktari waliliacha: waliookolewa waliishije, na walisaidiwa na nani. Bajeti yake ingekuwa ndogo ukilinganisha na ya mgodi mmoja, na wa kwanza kuombwa ruhusa wangekuwa wazee wa mitaa ya Kasongo, ambao bado wanawakumbuka wauguzi waliopita na chanjo.